Taa Nzito Juu ya Tangi la Samaki: Uzito Ushukie Sakafuni

Ukitaka kuweka taa nzito juu ya tangi la samaki katika nyumba ya Kibabii, Kanduyi au Kitale, magharibi mwa Kenya, jiulize kwanza uzito wa taa hiyo utapita wapi hadi ufike ardhini. Urefu wa nyaya, aina ya kulabu na rangi ya chuma vyote vinafuata jibu la swali hilo. Chukua tangi la kawaida la sebuleni, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kina cha 50. Likijaa hadi ukingoni linabeba lita 270, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hapo pana kilo 270 kabla hujahesabu kioo, changarawe na mawe. Sakafu iliyokubali mzigo huo haitahisi kilo 10 za taa zikiongezwa. Dari iliyo juu yake haikuwahi kuombwa kubeba chochote ila nafsi yake. Kwa hiyo nashauri hivi: katika nyumba nyingi za ukanda huu, taa nzito ibebwe na stendi ileile inayobeba tangi, kwa fremu ya chuma iliyoungwa nayo. Paa na ukuta viwe chaguo la pili na la tatu, kwa wale ambao nyumba zao zimekaguliwa zikaonekana imara.

Kabla ya kumwita fundi, punguza uzito wenyewe. Taa za zamani za metali halaidi, zile za balbu moja kali yenye wati 150 au 250, huja na kioo cha kurudisha mwanga, kasha la chuma na balasti ya sumaku ambayo peke yake ina kilo kadhaa. Taa za mirija ya T5 ni nyepesi kuliko hizo, lakini kasha la mirija minne au sita bado ni mzigo wa kutosha kumchosha mtu aliyelishika juu ya kichwa huku mwenzake akitafuta tundu la skrubu. Taa ya LED ya mwanga uleule huwa nyepesi zaidi, ingawa zile za nguvu, zenye bamba nene la alumini la kupoza joto, bado zina uzito wa kuheshimiwa. Anayetaka kununua taa ya T5 iliyotumika kwa sababu ya bei ajue pia kwamba mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya mirija ya florosenti kufikia mwisho wa 2027. Kasha la kilo nane ambalo mirija yake itakuwa adimu ni mzigo usio na faida. Ukiwa tayari unayo taa yenye balasti au kigeuza umeme kinachoweza kutenganishwa na kasha, kitenganishe na ukiweke pembeni ya stendi, mahali pakavu. Kila kilo unayoishusha hapo ni kilo ambayo hutaitafutia kulabu.

Wapo watakaosema kwamba kwa huku kwetu taa nzito ina faida nyingine, yaani joto. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma mita 1,400 hivi, na usiku wa Julai chini ya Mlima Elgon si wa kuchezea kwa samaki anayetaka maji ya nyuzi 25. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haisimami. Taa huwaka mchana, wakati baridi si tatizo kubwa, na huzimwa usiku, saa ambazo maji hupoa. Joto lake nalo hupanda juu kuelekea dari kuliko linavyoshuka majini. Kijiti cha kupasha maji chenye kipimo cha joto, kinachokaa ndani ya maji na kujizima chenyewe, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chagua taa kwa ajili ya mwanga tu.

Sasa tuitazame dari, kwa kuwa ndiko macho ya wengi yanakokimbilia. Nyumba ya kudumu ya kawaida kati ya Bungoma na Kitale ina kuta za matofali ya kuchoma, kenchi za mbao za saiprasi wa kupandwa au mkaratusi, mabati juu, na chini ya kenchi bodi nyepesi au jipsamu iliyopigiliwa kwenye vipande vya mbao vya inchi mbili kwa mbili. Bodi hiyo imeshikwa na misumari au skrubu zilizopangwa kwa uzito wake yenyewe. Kulabu iliyoingizwa kwenye jipsamu yenyewe, hata ikiwa na kile kipepeo cha plastiki kinachofunguka upande wa pili, haifai kubeba kitu kizito juu ya kioo na maji kwa miaka mingi. Unyevu wa tangi hupanda kila siku, jipsamu hunywa unyevu, na jipsamu iliyolowa hupoteza nguvu. Bati likivuja mahali pamoja wakati wa mvua za Aprili, maji hufuata msumari, hukusanyika juu ya bodi, na kulabu iliyoshika vizuri mwaka mzima huachia siku moja. Mtu anaweza kujibu kwamba mapangaboi huning'inia darini na hayaanguki. Ni kweli, kwa sababu fundi mzuri hulifunga pangaboi kwenye mbao au kwenye chuma kilichozikwa ndani ya zege, na bodi hutobolewa ili kupitisha fimbo tu. Hilo halionyeshi nguvu ya dari. Linaonyesha tu kwamba mzigo unatafutiwa mfupa wa nyumba.

Basi kama umeamua kutundika kutoka juu, tafuta mfupa huo. Panda ndani ya dari mchana, ukiwa na tochi, ukanyage mbao tu. Gongagonga mbao za chini za kenchi kwa nyundo na uzichome kwa bisibisi. Mbao iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya utupu na bisibisi huzama, na huku Magharibi mchwa haendi likizo. Ukiridhika, usiingize kulabu ya skrubu kutoka chini kwenye mbao moja ukadhani umemaliza, kwa sababu skrubu inayovutwa wima hutegemea meno yake tu, na mkaratusi mkavu hupasuka kwa urahisi usipotobolewa kwanza. Laza mbao ya inchi nne kwa mbili juu ya kenchi mbili ili mzigo ugawanyike, itoboe katikati ya upana wake, kisha pitisha boliti yenye jicho kutoka chini, na juu yake weka washa pana na nati mbili. Boliti iliyopita hadi upande wa pili haiwezi kuchomoka bila mbao yenyewe kuvunjika. Usikate wala kuchonga mbao ya chini ya kenchi ili kupata nafasi, kwa kuwa mbao hiyo inavutwa kila wakati ili kuta zisisukumwe nje, na kovu dogo mahali pabaya hudhuru paa lote.

Pembe za nyaya zinastahili umakini kuliko zinavyopewa. Taa ya kilo 10 ikining'inia kwa nyaya mbili zilizo wima, kila waya hubeba kilo 5. Lakini mara nyingi kenchi haziko mahali ambapo tangi liko, na mtu huzivuta nyaya kwa mshazari hadi zifike. Waya ukilala hadi ukabaki na nyuzi 30 tu kutoka mstari wa ulalo, kila mmoja hubeba kilo 10, yaani mzigo mzima. Ukishuka hadi nyuzi 15, kila mmoja hubeba karibu kilo 19, na boliti huvutwa kando badala ya kuvutwa chini. Kwa hiyo ongeza mbao juu ya dari hadi boliti ziwe wima juu ya taa, au songeza tangi lenyewe kabla halijajazwa maji. Kutegemea kwamba waya ni mnene hakutoshi.

Katika ghorofa za Bungoma mjini na Kitale hali ni tofauti, na hapo nakubali kwamba kutundika kutoka juu kunaweza kuwa jibu zuri. Dari ya zege nzima, ikitobolewa kwa drili ya nyundo na kutiwa boliti ya kupanuka ya kipimo sahihi, hubeba taa kama hiyo bila shida. Tahadhari ni mbili. Baadhi ya sakafu za ghorofa hujengwa kwa bloki zenye uwazi katikati ya mihimili ya zege, na drili ikizama ghafla ujue umeingia kwenye uwazi, ambamo boliti ya kupanuka haina cha kushika. Hamia kwenye mhimili. Ya pili, dari yako ni sakafu ya jirani na ni mali ya mwenye nyumba, na ndani yake huenda yakawemo mabomba ya nyaya za stima. Mpangaji aombe ruhusa ya maandishi kabla ya kutoboa. Ugumu wa kuipata ni sababu nyingine ya kuipenda stendi.

Ukuta ni wa tatu kwa sababu ya nguvu ya wenzo. Taa ikikaa katikati ya tangi lenye upana wa sentimita 45, na tangi likiachwa sentimita chache kutoka ukutani, mkono wa chuma unapaswa kutokeza nje kiasi cha sentimita 30. Tuseme kila mkono kati ya miwili unabeba kilo 5, na boliti zake mbili, ya juu na ya chini, zimeachana sentimita 10. Boliti ya juu huvutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 5 mara 30 gawanya kwa 10, yaani kilo 15, mara tatu ya uzito wenyewe, na hiyo ni kabla ya mtoto kuushika mkono huo ili achungulie samaki. Tiba yake ni kurefusha bamba la ukutani: boliti zikiachana sentimita 30, mvuto wa boliti ya juu hushuka hadi kilo 5. Tofali la kuchoma lililoiva vizuri hushika fisha ya plastiki na skrubu ndefu, mradi utoboe katikati ya tofali na wala si kwenye kiungio cha saruji. Tatizo ni kwamba matofali yetu huchomwa kwenye tanuri za mashambani na hayaivi sawasawa, na plasta huyaficha yote. Vumbi la drili litakuambia: likitoka jekundu na kavu huku drili ikikaza, endelea, na likimiminika kama unga laini, ziba tundu hilo na utafute tofali jingine. Ukuta wa udongo uliopigwa lipu ya saruji usiutundikie taa nzito kabisa, hata ukionekana mzuri namna gani.

Hivyo tunarudi kwenye stendi. Fremu ninayoipendekeza ina umbo la milingoti ya goli: nguzo mbili, moja kila upande mfupi wa tangi, katikati ya upana wake, na baa moja inayopita juu kwa urefu wa tangi. Umbo hili hushinda lile la nguzo za nyuma zenye mikono inayotokeza mbele, kwa sababu uzito wa taa hushuka wima ndani ya nguzo na hakuna wenzo wowote wa kukunja nguzo. Chuma cha mraba cha milimita 25 chenye unene wa milimita 1.5 kinatosha. Baa ya mita 1.3 ya chuma hicho, ikiwekewa kilo 10 katikati, hupinda chini ya milimita mbili, na ukitundika taa kwa ncha zake mbili hupinda hata chini ya hapo. Stendi ikiwa na kimo cha sentimita 75 na tangi sentimita 50, weka baa kiasi cha sentimita 60 juu ya ukingo wa kioo ili upate nafasi ya kupandisha na kushusha taa, na nafasi ya mkono wako kuingia majini bila kuigusa. Nguzo zifike hadi chini ya stendi na zifungwe kwa boliti mahali pawili kila moja, juu na chini. Usizishike kwa sehemu ya juu tu. Nguzo mbili za namna hiyo na baa yake zinahitaji takribani mita tano za chuma, na kipande kimoja kizima cha futi 20, kama kinavyouzwa madukani, hutosha na kubaki.

Wanaoikataa fremu hutoa sababu tatu. Ya kwanza ni gharama, na jibu lake ni kwamba fundi wa kuchomelea wa jua kali, awe Kanduyi, Chwele, Kimilili au Kitale, hutengeneza milango na madirisha ya chuma hichohicho kila siku. Kazi hii ni ndogo kuliko dirisha. Ilinganishe na bei ya tangi lililopasuka na sakafu iliyofurika. Ya pili ni sura, na hapa ladha za watu hutofautiana, ila fremu nyembamba iliyopakwa rangi nyeusi pamoja na stendi yake huonekana kitu kimoja, na hujificha kuliko nyaya zinazoshuka kutoka pembe za dari. Ya tatu ndiyo nzito: kwamba fremu hutikisika. Ikipigwa kumbo kutoka mbele hucheza, na taa iliyo juu huendelea kucheza baada yake. Tiba ni kuishika kwa vibano viwili vidogo ukutani, juu kabisa ya nguzo, vya kuizuia isiyumbe mbele na nyuma. Vibano hivyo havibebi uzito wowote, hivyo hata ukuta dhaifu huviweza. Kwa mpangaji wa vyumba vya karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, ambaye atahama baada ya miaka minne, matundu mawili ya fisha ni rahisi kuziba, na fremu nzima hufunguliwa na kuondoka naye.

Kazi yote ya moto na rangi ifanyike nje, na tangi lisiwe karibu. Cheche hudhuru kioo, na mvuke wa rangi ya mafuta huingia majini. Paka rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya juu, na uache fremu ikauke siku kadhaa hadi harufu iishe. Ncha za chuma cha mraba zizibwe kwa vifuniko vya plastiki, kwa sababu kutu huanzia ndani, mahali pasipoonekana. Kwa kutundikia, tumia waya wa kusokotwa wa chuma kisichoshika kutu. Hata wa milimita 2 hukatika kwa mzigo unaozidi kilo 150, wakati kanuni ya kawaida ya vitu vinavyoning'inia hutaka kifaa kivumilie mara tano ya mzigo wake. Mara nyingi kinachoachia ni mwisho wa waya: kibano kimoja kilicholegea, au kulabu iliyo wazi ambayo hufunguka polepole. Weka vibano viwili kila mwisho na utumie pete zilizofungwa. Waya wa kufungia nondo na mnyororo uliopakwa zinki usiuweke juu ya maji, kwani matone yanayouosha hubeba zinki na kutu, na konokono na kamba wadogo ndio wa kwanza kuumia.

Stima ya Kenya ni volti 240, na maji ya tangi hayana huruma nayo. Waya wa taa ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande tena hadi kwenye plagi, ili tone linaloteremka juu ya waya lidondoke chini ya upinde huo badala ya kuingia kwenye soketi. Ekstensheni isilale sakafuni chini ya tangi. Kasha la chuma na fremu ya chuma viunganishwe na waya wa athi, ule wa kijani na njano, na soketi ilindwe na kikata umeme kinachojizima umeme ukivuja kwa miliampea 30. Kifaa hicho kifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya. Kumbuka pia kwamba ukanda huu wa karibu na Ziwa Victoria una radi nyingi. Mawingu yakianza kunguruma alasiri, chomoa plagi ya taa. Samaki hawadhuriki kwa kukaa gizani saa chache, na stima inayorudi kwa kishindo ndiyo huunguza vigeuza umeme.

Kabla ya tangi kuwekwa chini yake, ijaribu kazi yako. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 na ushei, mara mbili ya taa ya kilo 10. Utundike mahali pa taa usiku kucha, kisha asubuhi pima kama baa imeshuka, kama nati imelegea, kama plasta imechanika popote. Baada ya hapo tundika taa, na uianze juu, sentimita 30 hivi kutoka uso wa maji, ukiishusha polepole mimea ikionyesha kutaka zaidi. Mwani wa kijani ukiutanda ukuta wa kioo, ipandishe. Wengi Bungoma walizoea ufugaji wa samaki kupitia mabwawa yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali ulioanza 2009, na bwawa hupata jua saa 12 kila siku ya mwaka kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Tangi la sebuleni halihitaji muda huo. Saa nane zinatosha mimea mingi, na liwe mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Kila miezi mitatu, siku ya kubadilisha maji, pitisha vidole kwenye vibano vyote na ukaze kilicholegea, na waya ulioanza kutoa nyuzi ubadilishe siku hiyohiyo.